Swali la mwisho liulizwe kwa lugha ambayo mama aliye ukumbini anaisikia

Wiki iliyopita nilisema neno fupi redioni juu ya mashindano ya Miss, muda ukaisha, halafu simu zikaanza kulia. Wengine walinipongeza. Wengine waliniuliza kama sina kazi ingine, wakati watu wanalala chini ya turubai. Nitawajibu wote hapa, maana kwenye redio dakika tatu hazitoshi.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu.

Ilikuwa sikukuu ya wanawake, tarehe 8 mwezi wa tatu. Kundi moja la vijana wa eneo letu, sitalitaja jina, liliandaa shindano la Miss. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakapanda madirishani. Mimi nilisimama karibu na vyombo vya muziki, simu yangu ikirekodi kwa ajili ya kipindi cha jioni. Wasichana 12 walipita kwa vitenge, wakapita tena kwa nguo za sherehe, nyingi za kuazima. Wakaonyesha vipaji: huyu aliimba, yule alicheza ngoma, mmoja alimsuka mwenzake nywele mbele ya watu na akamaliza kabla wimbo haujaisha. Makofi yaliyopigwa pale sijayasikia hata kwa wabunge.

Wakabaki watatu. Na zawadi haikuwa ndogo: mashine ya kushona moja, pamoja na minervali ya shule ya mwaka mzima. Mshike jambo hilo.

Mmoja wa wale watatu ni yule msusi. Ni binti wa jamaa iliyokimbia kutoka upande wa Salamabila. Ana miaka 19. Shule aliiacha mwaka wa pili wa sekondari, siku walipokimbia, na tangu hapo hajarudi. Mpaka saa ile alikuwa mbele kwa makofi, na mwanajuri mmoja alinionyesha karatasi baadaye: hata kwa pointi alikuwa mbele, ingawa kidogo sana.

Ndipo likaja swali la mwisho. Mwanajuri akasimama, akaweka miwani vizuri, akamuuliza kwa Kifaransa kirefu kitu juu ya mchango wa mwanamke katika maendeleo ya kudumu ndani ya maeneo yaliyotoka vitani. Nasema "kitu" kwa sababu hata mimi niliyesomea uandishi wa habari ilibidi nisikilize tena kwenye simu ili nishike mwanzo na mwisho wa sentensi ile. Msichana alinyamaza. Akasema "Oui". Akanyamaza tena. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: tafazali, naweza kujibu kwa Kiswahili?

Akaambiwa kwamba Miss lazima ajue Kifaransa.

Mtu mmoja kule nyuma akacheka, kisha ukumbi mzima ukacheka. Msichana alijaribu. Alisema maneno kama matano, na matatu kati yake yalikuwa ya swali lenyewe. Akawa wa tatu. Mashine ya kushona na minervali vikaenda kwa binti ambaye baba yake analipa minervali kila muhula bila kuchelewa. Huyo simlaumu hata kidogo, alijibu alichoulizwa, na alijibu kwa utulivu. Lakini jibu lake nilishalisikia mara nyingi kwenye warsha za mashirika, karibu neno kwa neno.

Sasa nieleze kwa nini naona swali hili la mwisho lina nguvu kupita pointi zake. Wasichana watatu wakifika mwisho, mwendo na nguo na kipaji vimekwisha kuwaweka karibu karibu. Kwa kitenge, mwanajuri hampi mtu 2 kwa 20. Wote wanapata 14, 15, 16. Kwa swali, mmoja anaweza kupata 18 na mwenzake 4. Piga hesabu mwenyewe: aliyetangulia kwa pointi mbili au tatu usiku mzima anaachwa nyuma kwa pointi kumi na zaidi ndani ya dakika moja. Tena juri wanaandika wakiwa bado na sauti ile ya mwisho masikioni, na kicheko cha watu pia. Kwa hiyo anayeandika swali, anayechagua lugha yake na urefu wake, ndiye anayeshika taji mkononi kabla msichana hajafungua kinywa.

Hata kule duniani, kwenye mashindano makubwa yenye kamera na dola, ni vile vile. Mwaka 2000, London, katika fainali ya Miss World, Priyanka Chopra wa India aliulizwa ni mwanamke gani aliye hai anayemwona amefanikiwa zaidi. Akamtaja Mama Teresa. Mama Teresa alikuwa amefariki tangu 1997! Na Priyanka alishinda. Alijibu kwa uso mkavu, kwa maneno yanayotiririka, na juri wakampa taji. Mnaona? Jibu lilikuwa na kosa ambalo mwalimu wa shule ya msingi angelipiga msalaba mwekundu, lakini ulimi haukutetemeka.

Na ulimi unaweza kutetemeka hata kwa lugha ya mama. Mwaka 2007 huko Marekani, katika shindano la Miss Teen USA, msichana wa South Carolina aliulizwa kwa nini Mmarekani mmoja kati ya watano hawezi kuonyesha nchi yake kwenye ramani. Kiingereza ni chake tangu kuzaliwa. Maneno yakamchanganyikia, akaingiza Afrika Kusini, akaingiza Iraki, hata leo hakuna anayejua alitaka kusema nini. Akamaliza wa nne, na video yake ikazunguka dunia nzima watu wakimcheka. Siku chache baadaye televisheni moja ya kule ilimkaribisha, ikamuuliza swali lile lile tena, na akajibu vizuri kabisa. Kichwa kilikuwa na jibu tangu mwanzo, woga ndio uliolifungia mlango. Basi fikirieni woga ule, halafu uongeze juu yake lugha ambayo msichana aliiacha mwaka wa pili wa sekondari.

Kuna na bahati ya swali. Mwaka 2010, katika Miss Universe kule Las Vegas, kila msichana aliulizwa swali lake. Venus Raj wa Ufilipino aliombwa ataje kosa kubwa alilofanya maishani na namna alivyolirekebisha. Swali gumu hilo! Ukitaja kosa kubwa kweli, umejiumiza. Ukisema huna, unaonekana unadanganya. Alisema hana kosa kubwa, na akamaliza wa tano. Ximena Navarrete wa Meksiko, yeye aliulizwa juu ya intaneti na watoto, akashinda. Mimi siwezi kusema nani alikuwa na akili zaidi, maana hawakupimwa kwa mzani mmoja.

Mwaka 1999 kule Trinidad walifanya vizuri zaidi. Watatu wa mwisho waliulizwa swali moja: Miss Universe akipata mimba katikati ya mwaka wake, aruhusiwe kuendelea? Mpule Kwelagobe wa Botswana alijibu kwamba mtoto hawezi kumzuia mwanamke kufanya kazi yake, na kwamba kuwa mwanamke ni jambo la kusherehekea. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa Botswana kutuma mtu kwenye shindano lile, na akarudi na taji. Hebu fikiri swali kama hilo likiulizwa hapa kwetu, ambapo msichana akipata mimba anabaki nyumbani na kijana aliyempa mimba anaendelea na masomo. Ukumbi usingekuwa na nafasi ya kucheka. Kila mama angetega sikio.

Swali lile lilikuwa fupi pia. Na lile la mwaka 2019 kule Atlanta, ambalo Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alilijibu akashinda, lilikuwa fupi vile vile: ni jambo gani la maana zaidi tunalopaswa kuwafundisha wasichana leo? Mtoto wa miaka kumi anaelewa ameulizwa nini. Alijibu kwamba wafundishwe kuongoza. Huku kwetu mwanajuri anaona aibu kuuliza swali fupi, anadhani watu watasema hakusoma.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu mlikwisha kuniambia kwenye simu. Mzee mmoja wa Kasongo alisema: mwanangu, huyu Miss akienda Kindu, akifika Kinshasa, atasema nini bila Kifaransa? Hoja hiyo naiheshimu. Kifaransa ndicho kilichonipa mkate, silitemei mate sahani niliyolia. Lakini mzee, angalia jirani yetu Angola. Mwaka 2011 huko São Paulo, Leila Lopes wa Angola aliulizwa kama angeweza kubadilisha kitu kimoja mwilini mwake, kingekuwa nini. Alijibu kwa Kireno, lugha aliyokulia, mkalimani akatafsiri. Alisema anaridhika na namna Mungu alivyomuumba. Akawa Miss Universe. Mwaka 2023, Sheynnis Palacios wa Nikaragua naye alijibu kwa Kihispania, mkalimani kando yake, akashinda. Navarrete wa Meksiko niliyemtaja juu, vile vile. Kama kwenye jukwaa kubwa kuliko yote mkalimani anaruhusiwa, ni sheria gani inayomkataza kwenye ukumbi wetu wenye viti vya plastiki na jenereta ya kuazima?

Nimetafuta sheria hiyo na nimepata kinyume chake. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inasema Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na papo hapo inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inaiagiza Serikali izikuze bila ubaguzi. Hakuna mahali inaposema Miss wa eneo lazima ajibu kwa Kifaransa.

Na uchungu wangu mkubwa ni huu, maana mimi ni wa Nyangwe. Nchi hii ya Kongo ilipata Kiswahili kwa milango michache, na mmoja wa milango hiyo ni hapa. Wafanyabiashara waliotoka pwani walikaa Nyangwe tangu miaka ya 1860. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na mtu huyo, pamoja na mabaya yote aliyoyafanya kwa watu wetu, maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili. Lugha iliingia na misafara ya watumwa na pembe, hilo hatulifichi, lakini wazee wetu waliichukua wakaifanya yao: ya soko, ya mahari, ya kanisa na ya msikiti. Kutoka Nyangwe lugha hii ilisafiri na mto. Leo binti anasimama mbele yetu, anaomba ruhusa kuitumia, na anachekwa. Tena na sisi.

Turudi kwa kazi yenyewe ya Miss hapa kwetu. Anatumwa sokoni kuwaambia mama wachemshe maji ya kunywa. Anatumwa kituo cha afya siku ya chanjo. Anakwenda kwa jamaa zilizokimbia kuwasihi wazazi wawarudishe wasichana shuleni. Sijawahi kumsikia mama wa Nyangwe akinunua chumvi kwa Kifaransa. Basi kama kazi yote ni ya Kiswahili, mtihani wa kazi unakuwaje wa Kifaransa?

Kwa wale wanaosema mashindano haya hayafai kabisa, hasa masheikh na wachungaji walionipigia, ninawasikia. Zipo nguo ambazo hata mimi sipendi kuziona, na zipo hadithi za waandaaji wanaowasumbua wasichana; wazazi wana haki ya kuuliza kila kitu kabla ya kumruhusu binti. Na kwa ndugu zangu mliokimbia mnaosema mnahitaji unga na dawa kabla ya Miss, ni kweli tupu. Lakini mashindano yanafanyika, mtake msitake, na safari hii yalikuwa na minervali ndani yake. Kitu chenye minervali ndani yake si mchezo. Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado ni mfuko wa mzazi, na mnajua mfuko wa mzazi aliyeacha shamba lake Kabambare ukoje.

Kwa hiyo ninachowaomba waandaaji wa mwaka kesho ni kidogo. Msichana achague lugha mwenyewe, na akichagua Kifaransa, atafsiriwe kwa Kiswahili ili na mama wa nyuma asikie. Wa mwisho wote waulizwe swali moja, wengine wakisubiri nje mahali wasipolisikia. Swali lisizidi pumzi moja. Na tafadhalini, liwe swali la hapa. Kuna lile ambalo nimekuwa nikilifikiria: mgeni akikuuliza kilichotokea sokoni Nyangwe tarehe 15 mwezi wa saba 1871, utamwambia nini? Siku ile watu wa misafara walipiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo, mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine majini, na Livingstone aliyekuwa hapa akayaandika. Ningependa kumsikia msichana wa miaka 19, ambaye naye amekimbia bunduki, akijibu swali lile kwa lugha yake. Hata kama hajui tarehe, aelezwe kwanza, halafu aulizwe angesema nini.

Limebaki deni langu mimi.

Jioni ile ya shindano, nilipokuwa natengeneza kipindi, niliweka ile sauti. Ule ukimya, ile "Oui", kicheko. Nilifikiri itachangamsha kipindi. Kesho yake ilikuwa kwenye simu za vijana, wanasikilizishana wakisubiri abiria. Siwezi kuwalaumu wanajuri peke yao huku mimi ndiye niliyewapa watu kicheko cha kubeba nyumbani.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa jamaa inayowapokea, nikaomba msamaha kwa mama yake kwanza, kama inavyopasa. Mama alinipa kiti. Akaniambia siku ile alikuwa ukumbini, mstari wa tatu, na kwamba alicheka na wengine kwa sababu hakujua ni nini kilichoulizwa, alidhani mtoto ametania juri. Alipoelezwa njiani kurudi ndipo alipolia. Msichana alikuwa uani anamsuka mtu, hakuinua kichwa. Nikamwambia swali lile lile kwa Kiswahili, kwa ufupi: mwanamke afanye nini ili maendeleo yadumu mahali palipopigwa vita? Hakuacha kusuka. Alisema:

"Siku tuliyokimbia, mama aliacha sufuria akafunga mbegu za mpunga ndani ya kitambaa. Mimi nilimgombeza, nikasema tutapikia nini? Tulipofika hapa sufuria tuliazima kwa jirani. Mbegu ukiazima, utaazima kila mwaka. Sasa tuna shamba la kukodi na mbegu ni zetu. Ningewaambia hivyo."

Nilimuuliza kama nimrekodi, nipitishe jibu hilo redioni. Alifikiri kidogo, akasema hapana, si sasa. Akasema kama mwaka kesho wataruhusu Kiswahili atajaribu tena, na kama hawataruhusu, basi. Mtu aliyekuwa anasukwa akacheka, naye akacheka.

Ile sauti ya kwanza nimeifuta. Kwenye simu zenu najua bado iko.